Mguu Uliozikwa Kagunga

Baba yangu alikuwa daktari wa upasuaji jeshini, na miaka yote tuliyoishi Ujiji hatukuruhusiwa kulitamka hilo. Mtu akiuliza kazi ya baba, tulijibu kwamba anapika sabuni. Haukuwa uongo. Alipika sabuni ya mawese uani kwa Bibi, mwenye nyumba wetu wa Kasingirima, na mikono ile iliyokuwa imefungua matumbo ya makapteni na ya makuruta ng'ambo ya ziwa, sasa ilikuwa imebabuka kwa magadi.

Ng'ambo ni Burundi. Huko tulikuwa na nyumba ya matofali ndani ya uzio wa hospitali ya jeshi, mama akifundisha shule ya msingi iliyokuwa jirani. Babu, mzaa baba, alikuwa mfagiaji kwenye zahanati ya misheni. Siku moja alimwona padri akimfunga mtu mfupa uliovunjika, akaapa kwamba mwanawe wa kwanza atajifunza kazi ile hata kwa kuombaomba. Hakuhitaji kuomba. Jeshi lilimchukua baba akiwa kijana, likampeleka Ulaya kusoma, likamrudisha akiwa na cheo na mkoba wa vyuma vinavyong'aa. Tangu hapo alikuwa mali yao. Watu wa kabila letu walikuwa wachache sana katika jeshi lile, na wenye cheo walikuwa wachache zaidi. Mama alizoea kusema kwamba baba alivumiliwa kwa sababu alijua kukata na kushona, na siku watakapopata mwingine wa kukata na kushona, uvumilivu utakwisha.

Mimi namkumbuka baba wa wakati ule kama mtu wa Jumapili. Siku nyingine alikuwa wodini. Jumapili tukitoka misa alikata kuku mwenyewe, kiungo kwa kiungo, bila kuvunja mfupa hata mmoja, huku akituonyesha mimi na kaka yangu mahali pa kupitisha kisu. "Usilazimishe," alikuwa akisema. "Kila kiungo kina mlango wake." Kaka, aliyenitangulia kwa miaka miwili, alikaa karibu yake kwa kujidai, kavaa kofia ya kijeshi ya baba ikimziba masikio. Alikuwa ameshaamua kwamba naye atakuwa daktari wa jeshi. Tulikuwa wawili tu, na mama alikuwa na kawaida ya kumwita kaka "dakitari mdogo."

Kisha nchi ikawaka moto. Sitaeleza habari za wakubwa, sikuzijua wakati ule na hata sasa sizijui vizuri. Ninachokijua nilihadithiwa na mama miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua dagaa. Aliniambia kwamba katika majuma yale baba aliletewa majeruhi wasiokuwa askari. Walikuwa wanaume waliokamatwa vijijini, wengine wamepigwa risasi, wengine wamevunjwa mbavu, na wote waliletwa mlangoni pa chumba cha upasuaji wakiwa wamefungwa kamba. Baba alipewa amri ya kuwatengeneza. Aliwashona, akawafunga, akawaongezea maji, na walipoweza kusimama, watu wenye bunduki walikuja kuwachukua. Hakuelezwa wanapelekwa wapi.

Mchana mmoja alirudi nyumbani kabla ya saa ya kazi kwisha. Aliketi mezani na viatu vyake vya wodini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mama akaona madoa kwenye sakafu.

"Una nini?" mama akamuuliza.

"Leo nimemshona mtu niliyemshona juma lililopita," baba akasema. "Nimeutambua uzi wangu. Wamemrudisha ili nimtengeneze tena."

Baba akaendelea kutazama meza. "Aliniomba nisimtengeneze," akasema.

Mama hakuniambia kama baba alimtengeneza au la. Nilimuuliza, akasema hata yeye hakuuliza.

Siku chache baada ya hapo, muuguzi mmoja wa wodini alikuja kwetu kuazima chumvi. Alipokuwa akipokea chumvi alimwambia mama kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba jina la bwana wake limeanza kutajwa. Alfajiri iliyofuata tulivaa nguo za kanisani kana kwamba tunakwenda kwenye harusi. Tulipanda gari la mtu wa parokia mpaka kusini, tukashuka kabla ya kizuizi, tukapita kwenye mashamba ya mihogo hadi ufukweni. Baba aliacha mkoba wake wa vyuma chini ya kitanda. Kaka aliuona, akageuka kutaka kurudi kuuchukua, baba akamshika mkono. "Acha. Hiyo si mali yetu."

Mtumbwi ulitushusha Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mpaka, kimebanwa kati ya mlima na maji. Hakuna barabara ya gari inayofika pale. Unaingia na kutoka kwa boti, au unapanda mlima kwa miguu. Pwani yote ilikuwa imejaa watu wetu, wameketi juu ya mabunda yao kati ya dagaa walioanikwa, na wenye dagaa wanalalamika lakini hawana la kufanya. Wengi waliandikishwa, wakapelekwa kambini. Baba hakutaka kambi. Alijua kwamba kambini kuna watu wa kila upande na kwamba daktari wa jeshi anatambulika. Tukapanda boti ya mizigo hadi Kigoma, tukatembea hadi Ujiji, na pale Kasingirima mama akamwona Bibi akipepeta mchele barazani.

Bibi alikuwa mjane wa Kimanyema, Mwislamu, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza. Mama alimwamkia kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili chake cha darasani. Bibi alisikiliza, akamwangalia baba aliyesimama wima mno kwa mtu mwenye njaa, akasema, "Shikamoo nimeiitikia. Sasa ingieni ndani kabla jua halijawaua. Chumba kipo, kilikuwa cha marehemu."

Alitupa chumba kile na hakutuuliza tumetoka wapi. Mama, ambaye Kirundi chake na Kiha cha soko vilikaribiana, aligeuka kuwa Mha katika muda mfupi. Alikwenda ufukweni, akanunua dagaa, akaanika, akauza, na wanawake wa sokoni wakamzoea. Mimi nilisaidia nyumbani na baadaye nikaingia shule. Baba alishindwa kugeuka. Alizungumza Kiswahili cha mjini kwao chenye Kifaransa ndani, alitembea kijeshi, alikunja blanketi lake kwa pembe za mraba. Bibi alimwona akizunguka uani kama mtu aliyefungiwa, akamfundisha kuchemsha mawese na magadi. Basi akapika sabuni. Wateja walimwita Mzee wa Sabuni, naye hakuwa mzee bado.

Aliyeumia zaidi katika nyumba ile, kwa mtazamo wa macho, alikuwa kaka. Alikuwa na miaka kumi na saba tulipofika. Hakurudi shule, kwani vyeti vyake vilibaki ng'ambo, na lugha ya masomo ilikuwa nyingine. Alibeba mizigo bandarini, akarudi kimya, akala, akalala. Naamini alikuwa akisubiri baba aamke siku moja na kuwa yule mtu wa kofia ya kijeshi.

Jumapili moja alasiri walikuja wanaume wawili. Walivaa vizuri, wakamwamkia Bibi kwa heshima, "Shikamoo Bibi," wakaomba kuzungumza na Mzee wa Sabuni. Baba alikuwa kwenye sufuria, akikoroga. Mimi nilikuwa nafua hatua chache tu kutoka kwao.

"Amahoro, Dakitari," mmoja akamwamkia kwa Kirundi, na baba akaacha kukoroga.

Walikuwa watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na jeshi ng'ambo. Walimwambia kwamba vijana wao wanakufa kwa majeraha madogo kwa kukosa mtu wa kuyashughulikia. Walisema kwa unyenyekevu, hawakumtisha. Yule wa pili alitokwa na machozi alipomtaja mdogo wake.

"Nimeshona watu wa kutosha," baba akawaambia. "Nikimshona huyo mdogo wako, akapona, utamfanya nini?"

"Atarudi kwenye mapambano, Dakitari."

"Basi siwezi."

Waliagana naye vizuri. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Alingoja mpaka wametoka nje ya uzio wa makuti, ndipo akasema, na sikuwahi kumsikia akimwambia baba maneno kwa sauti ile:

"Wale wengine uliwashona. Walipokuamuru uliwashona. Hawa wanakuomba, unawafukuza. Watu wetu wanakufa na wewe unapika sabuni!"

Mama alitoka chumbani mbio. Baba alichukua mwiko, akarudi kukoroga, na jasho likawa linamtiririka usoni. Nilitamani aseme kitu. Sasa nafikiri, angemwambia habari za yule mtu aliyeletwa mara mbili, labda kaka angeelewa. Lakini wanaume wa kwetu wa umri wake hawakujieleza kwa watoto wao.

Juma lile halikwisha kaka akaondoka. Hakumuaga mtu isipokuwa Bibi, ambaye alidhani anakwenda bandarini kama kawaida, na akamwambia arudi na sukari.

Ukafuata muda mrefu wa kutojua. Mama alikuwa na desturi ya kwenda ufukweni kila boti za Kagunga zilipoingia, hata siku asizokuwa na biashara. Alisimama na karai lake tupu akitazama wanaoshuka. Nyumbani hakuzungumza na baba isipokuwa mambo ya chakula. Baba alikonda. Bibi alijaribu kuwachekesha kwa hadithi za mume wake aliyeogopa paka, na siku moja moja alifaulu, lakini kicheko kilikufa kabla sahani hazijaondolewa. Nilimaliza shule ya msingi nikiwa msichana mkubwa kuliko wenzangu wote, na hakuna aliyekumbuka kunipongeza ila Bibi, aliyenipa kanga.

Habari ilikuja kwa mdomo wa mwanamke mchuuzi wa dagaa kutoka Kagunga. Alifika uani akihema, mama akiwa ndani anatetemeka kwa malaria, akamwambia baba: "Mzee, una kijana wako kwetu. Wamemvusha juzi. Mguu umeharibika. Anasema yeye ni mtoto wa dakitari, lakini mimi nimeelekezwa kwa mtu wa sabuni."

Baba alivua aproni yake ya gunia. Alinawa mikono, akanawa tena, hadi viwikoni, halafu akaniambia, "Mama yako hawezi. Twende wewe na mimi."

Boti ilitoka mchana na upepo ulikuwa umeshaanza. Abiria walikuwa wanawake wengi na magunia ya unga. Mawimbi yalipiga ubavuni mpaka unga ukalowa, na mama mmoja wa kilokole akawa anaimba peke yake huku amefumba macho. Baba hakushika kitu. Alikaa mbele, kaweka mikono mapajani, ameigeuza viganja juu, anaiangalia. Tulipofika Kagunga mwenye boti alisema hatarudi Kigoma mpaka ziwa litulie, na kwa alivyoliona, halitatulia kesho.

Kaka alikuwa amelazwa katika nyumba ya yule mchuuzi, kwenye mkeka, chumba cha mbele. Harufu ilitupokea mlangoni. Vijana wawili waliomleta walikuwa wameketi ukutani, wachafu, wadogo kuliko nilivyotegemea wapiganaji kuwa. Pembeni alisimama muuguzi wa zahanati ya kijiji, Mha wa makamo, akionekana kama mtu ambaye hajalala.

Mguu wa kaka wa kushoto ulikuwa umevimba kama gogo, mweusi kuanzia vidoleni mpaka karibu na goti. Baba alipiga magoti. Hakumsalimia kwanza. Alibonyeza ngozi juu ya kifundo, taratibu, akawa kama anasikiliza kwa vidole. Nilimwona akifumba macho.

"Kuna hewa chini ya ngozi," akamwambia muuguzi. "Nyama inaoza kwa ndani."

"Hata mimi nimeisikia, Mzee. Ndiyo maana nikasema atafutwe mzazi."

Kaka alifungua macho. Alikuwa na ndevu sasa. "Dawe," akasema. Ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha yetu. "Dawe, umekuja na dawa?"

"Dawa ya mguu huu hakuna, mwana wanje," baba akasema, yaani mwanangu.

"Nipeleke hospitali Kigoma."

"Ziwa limechafuka. Hakuna boti. Na tukisubiri litulie, hutakuwepo."

Kaka alielewa kabla sijaelewa mimi. Alianza kujivuta nyuma kwa viwiko, kuelekea ukutani. "Usinikate," akasema. "Dawe, usinikate. Niache nife nikiwa mzima. Nakuomba kwa jina la Mungu, usinikate!"

Baba alimshika kichwa kwa mikono miwili, kama tunavyowashika watoto wadogo wanapokataa uji. Alikaa hivyo. Kisha alisimama, akamgeukia muuguzi. "Una nini cha kumlaza?"

"Ya ganzi ninayo kidogo. Ya usingizi hawa vijana walikuja nayo, chupa mbili, sijui walikoipata." Muuguzi akasita. "Mzee, samahani. Kazi hii mimi sijawahi hata kuiona. Wewe umewahi kuifanya?"

"Mimi ni daktari wa upasuaji," baba akasema. "Wa jeshi. Nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka."

Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwake kwa sauti kubwa, mbele ya watu, na nikaogopa, kana kwamba kuna mtu nje ya dirisha angeyabeba na kuyavusha ziwa.

Msumeno uliazimwa kwa fundi wa mitumbwi. Tuliuchemsha pamoja na visu na nyuzi katika sufuria kubwa ya yule mchuuzi, na mimi ndiye niliyechochea moto, kwa hiyo niliona maji yakibadilika rangi kwa kutu ya msumeno na nikayamwaga na kuanza upya. Kaka alishikwa na vijana wake wawili mpaka dawa ilipomchukua. Alikuwa akimtukana baba. Maneno yakawa yanalegea, yakawa ya kitoto, mwisho akawa anaita mama.

Baba aliniambia nitoke. Nilitoka, nikakaa kwenye jiwe nje ya mlango na kuziba masikio, lakini msumeno unasikika kwa miguu pia. Ulikuwa mchana, jua kali, upepo unarusha mchanga. Watu wa jirani walikuwa wamesimama mbali kidogo, wanawake wamejishika viuno. Haikuchukua muda mrefu. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba hajawahi kuona mtu mwenye haraka namna ile bila papara, na kwamba baba alifanya kazi yote bila kutetemeka, ila alipofika kushona alisimama kidogo na sindano mkononi, akaweka paji lake la uso ukutani, kisha akaendelea.

Yule mchuuzi alitoka amebeba kitu kimefungwa kwenye shuka. "Njoo tuusitiri," akaniambia. "Ni nyama ya mtu, haitupwi." Tulipanda nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, mahali ambapo mlima unaanza. Ardhi ilikuwa ngumu na jembe lake lilikuwa na mpini mfupi. Ulikuwa mzito, ule mguu. Sikutegemea uzito ule. Nilivua kanga niliyopewa na Bibi nikaiviringisha juu ya shuka, tukauweka, tukafukia. Yule mama alipiga ishara ya msalaba na kusema sala fupi kwa Kiha, akanishika bega. "Ihangane," akasema, pole, vumilia, na ndipo nikalia.

Baba nilimkuta ufukweni, ameingia majini mpaka magotini na viatu vyake, mawimbi yanampiga. Nilimwita. Alipogeuka aliniambia tu, "Atapona. Nimekata mahali pazuri."

Kaka alipona. Ziwa lilipotulia tulimrudisha Ujiji kwa boti, amelala juu ya magunia, amejifunika uso. Mama alikuwa amepata nafuu. Alilifunua blanketi, akaangalia, akalifunika tena.

"Umemrudisha," akamwambia baba.

"Kilichobaki," baba akajibu.

Mama aliingia jikoni akasonga ugali wa muhogo, mwingi kupita kiasi, kama wa msiba.

Kaka hakumsemesha baba. Hilo halikuwa jambo la siku wala la mwezi. Walikuwa chumba kimoja, pazia la kanga katikati, wanasikilizana pumzi, na kaka alipotaka kitu kilicho karibu na baba, aliniita mimi. Bibi alimwita mpwa wake seremala amtengenezee magongo. Kaka alijifunza kutembea nayo uani, huku baba, akikoroga sabuni, akimfuata kwa macho na kujifanya hamfuati. Siku moja kaka alianguka kwenye utelezi wa mafuta karibu na sufuria. Baba aliruka kumshika. Kaka, akiwa chini, alimwambia mama aliyekuwa mbali, "Mwambie asiniguse."

Kilichotuondoa Ujiji kilikuwa tangazo. Gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likisema wakimbizi wote wanaoishi nje ya makambi wakusanyike. Jirani mmoja alituonyesha kwa kidole, simlaumu, naye alikuwa na hofu zake. Askari walipofika, Bibi alisimama mlangoni na kutanua mikono.

"Hawa ni wanangu," akasema. "Huyu ni mwanangu, huyu mkewe, hawa wajukuu. Mtawapeleka wapi?"

"Shikamoo Bibi," askari akasema, kijana mpole. "Tunaelewa. Lakini amri imetoka."

Bibi aliitikia marahaba kwa ukali, akakaa chini pale pale kizingitini ili wasipite. Baba ndiye aliyemwinua. Alimwambia, "Mama, umetutunza vya kutosha," na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Tulipandishwa lori. Sikumwona Bibi tena. Aliishi miaka michache baada ya hapo, na watu wa Kasingirima walinisimulia kwamba sufuria ya sabuni hakuiuza wala kuiazima.

Kambini tulipewa kiwanja, turubai na jembe. Tulijenga kibanda cha udongo, tukapanga foleni ya unga na njegere, tukatafuta kuni mbali zaidi kila mwaka. Mvua ziligeuza vichochoro kuwa tope jekundu, na kwa mtu wa magongo tope ni kifungo. Kaka alikaa ndani. Vijana waliosikia sifa zake walikuja kumuuliza habari za msituni, naye mwanzoni aliwasimulia kwa madoido. Baadaye akaacha. Waliokuja kuuliza aliwafukuza kwa gongo.

Hospitali ya kambi iligundua baba ni nani, kwa kuwa kambini hakuna siri. Walimwomba asaidie upasuaji. Alikubali kufunga vidonda, basi. Kila asubuhi alikwenda, akaosha madonda ya watoto na ya wazee, akayafunga kwa bandeji zilizonyooka kama mistari ya daftari, akarudi. Nadhani ile ndiyo kazi pekee aliyoipenda katika maisha yake, kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kuwachukua wagonjwa wake.

Kisha akaanza kuacha chakula. Alisema njegere zinamkataa. Mama alimtafutia mugebuka, samaki wa ziwani wa kukaushwa, akala vipande viwili, vingine akaviacha. Nilikuwa nimeshakuwa mwanamke mtu mzima wakati huo, namsaidia kuoga. Asubuhi moja, akiwa amelala chali, alichukua mkono wangu akauweka tumboni mwake, chini ya mbavu.

"Bonyeza. Usiogope. Unasikia?"

Nilisikia kitu kigumu, cha ukubwa wa limau.

"Jaribu kukisogeza."

"Hakisogei, Dawe."

"Hakisogei," akasema, kwa sauti ile ile aliyotufundishia viungo vya kuku. "Kingekuwa kinasogea ningekwenda hospitali wanifungue. Kimeshashika nyuma. Usimwambie mama yako leo. Mwambie kesho."

Kaka alikuwa upande wa pili wa kibanda. Alisikia, maana kibanda kile hakikuwa na mahali pa kutosikia. Alikuja kwa magongo yake, akajishusha chini karibu na kitanda, kazi iliyomchukua muda.

"Dawe," kaka akasema. "Kule Kagunga. Nilikuomba uniache."

"Uliniomba."

"Na ungejua nitakaa miaka yote hii hivi nilivyo? Sina mke, sina kazi, nasukumwa kama gunia. Ungejua, ungenikata?"

Baba alikuwa anapumua kwa shida. "Nilijua," akasema. "Ningekukata tena leo."

Nilisubiri kaka apige kelele. Alimwangalia baba, akatikisa kichwa, akaomba apewe kikombe cha maji. Nilimpa. Hakunywa. Alikiweka mdomoni mwa baba, akamnywesha, yaliyomwagika akayafuta kwa mkono wa shati lake. Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Kaka mwenyewe nilimuuliza baadaye, akasema, "Alikuwa na kiu."

Tangu siku hiyo kaka ndiye aliyemhudumia. Baba alikufa mchana wa mvua, na maumivu ya mwisho yalikuwa makubwa, sitayaeleza. Tulimzika kwenye makaburi ya kambi, msalaba wa mbao, bila cheo wala taaluma juu yake, maana mama alihofia kuviandika hata wakati ule.

Amani iliporudi ng'ambo, watu walianza kurejea kwa makundi. Mama alitaka kufa kwao. Kaka akaenda naye. Wanaishi, au niseme kaka anaishi, kwani mama naye amekwishafariki, kwenye kipande cha shamba la babu, na anashona viatu barabarani. Hunipigia simu Krismasi. Tunazungumza habari za mvua na bei ya maharage. Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu wa Buzebazeba, pale Kigoma, Mha mkulima wa michikichi, nikabaki upande huu. Wanangu wanazungumza Kiswahili cha mjini na wananicheka nikisema Kirundi usingizini.

Kambi ile ilifungwa. Watu waliondolewa, vibanda vikabomolewa, msitu ukaachiwa urudi. Mwaka jana niliomba lifti kwenye gari la mkaa, nikaenda kutafuta kaburi la baba. Nilipata mahali pa kisima kwa sababu ya saruji iliyobaki. Kutoka pale nilihesabu vichochoro kwa kumbukumbu, nikaingia kwenye vichaka, nyasi zikinifika mabegani. Makaburi yalikuwa yameshuka na kuwa sawa na ardhi, misalaba imeliwa na mchwa. Nilimkuta mchunga mbuzi, nikamuuliza kama anajua walipozikwa watu wa upande wa hospitali. Akasema yeye ni mgeni pale, amehamia juzijuzi tu, na hajui kama kulikuwa na hospitali. Nilizunguka mpaka dereva akaanza kupiga honi.